Soda za Elijah

Winfred Mwende hakuwahi kujidanganya kuhusu moyo wake. Tangu darasa la saba, kule Mwala, alijua kwamba wavulana wanamchekesha na wasichana wanamkosesha usingizi. Hakulia, hakufunga kula, hakupelekwa kuombewa. Alijiambia, haya basi, kumbe ndivyo nilivyo, akachukua mtungi akaenda kuteka maji. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, mfanyakazi wa nyumbani mtaa wa Suwaidi, Riyadh, na bado hajaona sababu ya kubadilisha kauli. Kuficha anaficha, tena sana. Saudia watu wamefungwa kwa madogo kuliko hayo. Lakini kuficha ni kitu kimoja na kuona aibu ni kitu kingine, na asiyejua tofauti, shauri yake.

Mpenzi wake alikuwa Jeddah. Aliitwa Keziah Wambui, mzaliwa wa Ol Kalou, mwanamke mrefu mwenye mwanya na mikono iliyokomazwa na jembe la viazi. Alifanya kazi kwa Madam Abir, na Madam Abir ni dada mkubwa wa Madam Hessa, yule aliyemwajiri Winfred. Kila Idd Madam Hessa hufunga nyumba, akapakia mume, watoto watatu na Winfred garini, safari ikawa ya Jeddah kwa dada, wiki nzima. Wageni hulala vyumba vya chini. Wafanyakazi wawili hupewa kijichumba kimoja juu ya paa, kando ya matangi ya maji.

Na hapo mtu mwenye akili lazima acheke kidogo. Nyumba zile mbili zilikuwa kali kuhusu wanaume, kali kupita kiasi. Dereva hakuruhusiwa kukanyaga jikoni. Mtu wa gesi akija, wasichana walijifungia stoo mpaka aondoke. Madam Abir alikuwa na mazoea ya kuichukua simu ya Keziah, akisikia sauti nzito anauliza, huyu nani? Lakini wanawake wawili juu ya paa, nani ana habari nao? Madam Abir mwenyewe ndiye aliyewanunulia godoro moja pana, akisema mawili hayataenea. Winfred alimshukuru kwa moyo wake wote.

Ilianza na kitunguu, miaka miwili iliyopita. Siku ya kwanza kabisa Keziah alimtazama Winfred akikatakata kitunguu, akasema, "Wee, hicho kitunguu kimekukosea nini?" Winfred akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Siku ya tatu alikuwa anajua Keziah yuko chumba gani bila kuuliza. Siku ya tano, asubuhi, wenye nyumba bado wamelala, walikuwa juu ya paa wakianika mashuka. Keziah akaliacha shuka kambani. Akamshika Winfred kiwiko, akakishika muda mrefu kuliko inavyohitajika kumshika mtu kiwiko.

"Winnie, mimi sijui nina nini," akasema.

"Mimi najua," Winfred akamjibu. "Lakini sema wewe."

Hakusema. Alimbusu. Kusema kulikuja baadaye, na kwa shida. Keziah alikuwa amewahi kuwa na wachumba wawili, na wote wawili aliwaonea huruma tu. Alidhani Mungu alimuumba baridi, basi, jinsi wengine wanavyoumbwa bila sauti ya kuimba. Kugundua kwamba hakuwa baridi hata kidogo, tena akiwa na miaka ishirini na tisa, kulimfurahisha na kumtisha kwa kiasi kilekile.

Mikataba yao yote miwili ilikuwa iishe Oktoba. Walikuwa wamepatana: warudi Kenya, wapange nyumba Kitengela ambako hakuna anayewajua, wafungue hoteli ndogo ya pilau na sambusa. Watu wangewaita marafiki, au binamu, au wapangaji wenza. Wawaite watakavyo.

Sasa sikia kilichotokea. Jumatano moja kabla ya Idd, Winfred alikuwa akipiga pasi vilemba vya baba mwenye nyumba huko Suwaidi. Simu ikaleta ujumbe wa sauti, akaiweka sikioni.

"Winnie, tafadhali usikasirike," Keziah alisema. "Watu wa Elijah wanakwenda nyumbani kwetu Jumamosi, ile ya Idd. Mami anasema kila kitu kiko tayari. Watanipigia vidio niulizwe."

Winfred akaisimamisha pasi. Elijah huyo Winfred alimjua kwa habari tu. Kijana wa kwao Ol Kalou, mwana wa mzee wa kanisa, mwenye lori la kubeba viazi, asiyekunywa wala kupigana. Alikuwa amemwandikia Keziah mwaka mzima, na Keziah akawa anamjibu "amina" na "siku njema". Hilo halikumtisha Winfred. Kilichomtisha ni hilo neno kuulizwa, maana Mkamba kama yeye na Mkikuyu kama Keziah ni majirani, na posa za wenzao wanazijua. Kwa akina Keziah, wazee hawagusi kinywaji cha wageni mpaka binti aulizwe mbele ya watu wote: hivi vilivyoletwa, tunywe? Huulizwa mara tatu. Akisema nyweni, ameposwa, na neno hilo halirudishwi kirahisi. Akisema msinywe, vinywaji vinarudi vilikotoka. Zamani ilikuwa pombe ya asali, lakini kwa familia ya walokole kama ile ni kreti za soda. Na binti akiwa Saudia je? Simu si ipo!

Akampigia papo hapo. "Wewe ulimwambia nini mama yako?"

"Sikumwambia kitu. Alisema Elijah anataka kuleta wazee, nikanyamaza."

"Keziah! Ulinyamaza?"

"Nilidhani akiona nimenyamaza atajua sitaki."

"Aki wewe! Msichana aulizwe habari ya mume, anyamaze, halafu mama yake aelewe kwamba hataki? Si afadhali ungepiga vigelegele, wajue moja!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama alikiona kimya kile akakiita adabu njema, akaenda kukodi hema.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah kwa gari ni mchana mzima. Winfred alikaa kiti cha nyuma kabisa, mtoto mdogo wa Madam Hessa amelala mapajani mwake, jangwa likipita dirishani kilomita baada ya kilomita, naye amefura kwa hasira. Hakumwonea Elijah wivu. Ungemwonea wivu mtu anayejibiwa "amina"? Alichokichukia ni kule kuogopa kwa Keziah, na zaidi ya hapo alichukia kwamba alikuwa anauelewa woga huo. Kabla hawajafika Taif alikuwa ameshaamua jambo moja. Hatamwombea Keziah jibu. Mtu akikuchagua kwa sababu ulimlilia, itabidi umlilie tena kesho ili abaki.

Kumbe mambo yalikuwa yameshaharibika zaidi. Walipofika tu, Madam Abir akamlaki mlangoni na habari motomoto. Keziah alikuwa ameomba nusu saa ya mapumziko siku ya Jumamosi. Kaulizwa ya nini, na kwa kuwa hajui kudanganya, kasema ni posa yake. Madam Abir alifurahi karibu aruke.

"Winfred! Rafiki yako anakuwa bibi arusi! Mabruk!" akapaza sauti. Alikuwa ameshapanga kila kitu: gauni jipya, udi, vitamu vya Idd, na yeye na dadake watakaa hapohapo jikoni waone watu wa Keziah wakimposa kwa simu. Nyuma yake Keziah alikuwa amesimama na sinia la vikombe, amemkodolea Winfred macho ya mtu aliyefungulia mfereji akashindwa kuufunga.

Kesho yake, baada ya Alasiri, Madam Abir aliwapakia kwenye teksi waende Balad wakatafute hilo gauni. Basi Winfred Mwende akajikuta katika soko la mji mkongwe, chini ya zile nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zenye madirisha ya mbao, akimsaidia mpenzi wake kuchagua nguo ya kuposwa na mtu mwingine. Ukiwa na bahati kama hiyo, unafanya nini? Unachagua vizuri. Alimwambia Myemeni mwenye duka ateremshe lile la kijani, si hilo, lile la juu. Keziah akalishikilia kifuani juu ya abaya yake, akageuka, akasema, "Je?"

Winfred akamtazama. Kijani kile kilimkaa Keziah kama alizaliwa nacho.

"Limekukaa," alisema kwa hasira. "Lipa twende."

Walinunua vikombe viwili vya dengu za kuchemsha zenye siki, wakakaa kwenye ngazi ya nyumba iliyofungwa. Watu wa Idd walipita makundi kwa makundi. Keziah hakula.

"Nikisema ndiyo," akaanza, "si lazima niolewe kesho. Naweza kuvuta, mwaka, miaka miwili. Na Elijah si mtu mbaya. Wewe ungekuwa karibu, Winnie. Rafiki wa familia."

"Rafiki wa familia."

"Watu wengi wanaishi hivyo."

"Najua wanaishi hivyo. Mimi sitaki. Mimi sitakuwa wa kando, Kezi, wala sitakuwa anti wa watoto wa Elijah. Na huyo Elijah naye ni mtoto wa mtu. Kwa nini alale miaka arobaini na mwanamke anayemhurumia?"

"Kwako ni rahisi! Wewe ulijua ukiwa mtoto. Mimi nimejua jana."

"Jana ya miaka miwili?"

"Na nyinyi Wakamba wanawake huoana, watu wamezoea."

"Nyanya yangu alioa mke ili amzalie mtoto wa kurithi shamba. Si kwa mambo yetu haya. Usinitafutie desturi, mimi sikungoja nyanya anipe ruhusa."

Keziah akacheka bila kutaka, halafu kicheko kikageuka kilio, akawa anajipangusa na ncha ya mtandio. Winfred akamshika mkono. Wanawake kushikana mikono pale Balad ni jambo la kawaida, hakuna anayegeuka kutazama, na wawili hawa walikuwa wameitumia nafasi hiyo bila huruma kila Idd waliyopewa.

"Sikiliza," akasema. "Nakupenda, na unajua. Ukisema nyweni, sitakulaani. Hata sambusa za kukupongeza nitapika mimi. Lakini Oktoba nitarudi Mwala peke yangu, na mimi na wewe halas, kwisha. Ukisema msinywe, niko. Niko na mambo yote yatakayokuja nyuma yake. Sitakwambia useme lipi. Mdomo ni wako."

"Na nikishindwa kusema?"

"Ukinyamaza watakunywa."

Keziah akainuka. Walirudi na gauni kwenye mfuko, kila mtu akitazama dirisha lake.

Jumamosi ikafika. Saa za Jeddah na za Ol Kalou ni zilezile, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio hata cha hilo: saa nane mchana ni saa nane mchana. Wanaume wa nyumba walikuwa wametoka. Madam Abir na Madam Hessa waliburuta viti vya sebuleni mpaka jikoni, wakakaa wamejipaka manukato, chetezo cha udi kikitoa moshi, sinia la vibiskuti vya tende liko tayari. Keziah alikaa kwenye kigoda akiwa ndani ya gauni la kijani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai mbele yake. Winfred alisimama ng'ambo ya meza, nyuma ya simu, akifunga sambusa. Mahali hapo alipachagua mwenyewe. Angeuona uso wa Keziah, na simu isingemwona yeye.

Ikalia. Keziah akaipokea, na jikoni mkajaa kelele za Ol Kalou: wimbo wa kanisa unaomalizikia, viti vya plastiki vinavyosogezwa, jogoo asiyejua wakati.

"Dada, tunakuona!" Hiyo ilikuwa sauti ya Shirleen, mdogo wake Keziah. "Mimi ndiye nimeshika simu. Umependeza, jameni!"

Ikafuata sauti ya mzee, tulivu. "Maitu."

Baba yake alimwita hivyo, mama, kwa sababu Wambui lilikuwa jina la mama yake mzazi. Kikuyu chake kilikuwa cha polepole, na Winfred alikifuata neno kwa neno. Kikamba na Kikuyu vimetengwa na ukuta mwembamba.

"Wageni hawa unawajua?"

"Nawajua, Baba."

"Wamekuja kwa amani na wameleta soda. Mimi siwezi kugusa kitu kabla hujaniambia. Maitu, tunywe?"

Keziah akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Winfred akaacha kufunga sambusa. Kimya kikawa kirefu. Huko Ol Kalou mwanamke mmoja akacheka kwa upole, akasema, "Anaona haya, maskini." Mwingine akadakia, "Si ndiyo adabu hiyo!" Ikasikika sauti ya kizibuo kikigonga kifuniko cha chupa, na Winfred, aliyejiapiza kwamba hatasema kitu, akajiuma mdomo mpaka ukauma kweli.

"Msinywe!"

Keziah alikuwa amelipaza neno lile kwa nguvu hata madam wote wawili wakaruka vitini. Huko hemani kicheko kikakatika.

"Winfred, wanasema nini?" Madam Hessa akauliza kwa mnong'ono, maana Kiarabu cha Winfred ndicho kilichokuwa bora.

"Netiwaki, madam. Hawasikilizani vizuri."

"Maitu," baba akasema, "netiwaki ni mbaya. Mimi nimesikia kama umesema tusinywe."

"Netiwaki ni nzuri, Baba. Nimesema msinywe."

Hapo hema likachemka. Mtu akaanza kuomba kwa sauti. Mwingine akataka simu izimwe, eti msichana amechoka kwa kazi ya Waarabu. Baba akawanyamazisha, na ilimchukua muda.

"Sheria ni mara tatu," akasema, "na mara tatu nitauliza. Sikukulazimisha jana na leo sikulazimishi. Hizi soda za Elijah, tunywe?"

"Msinywe, Baba." Keziah akaisogelea simu. "Elijah, kama unanisikia, nisamehe. Wewe ni mtu mzuri. Unastahili mtu anayekupenda, na mimi sitaweza kukupenda hivyo hata nikijaribu. Si kosa lako. Ningekwambia mwaka jana, lakini niliogopa."

Mzee alikohoa. Aliposema tena alikuwa amechoka, lakini alisema. "Binti ameulizwa na amejibu. Rudisheni kreti kwenye lori."

Winfred akavuta pumzi. Alidhani yameisha. Lakini simu ikanyakuliwa, ikabebwa mbio, upepo ukavuma ndani yake, na sauti ya mwanamke ikaja karibu sana, ya chini, yenye hasira na kihoro pamoja. Mama.

"Wambui. Kuna Mwarabu?"

"Hakuna Mwarabu, Mami."

"Basi ni mwanamume gani?"

"Hakuna mwanamume. Hayupo na hatakuwepo."

"Umenivua nguo mbele ya kanisa zima kwa sababu ya hakuna? Niambie kuna nini!"

"Kuna mtu."

"Mtu ana jina. Litaje."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, Winfred Mwende akaogopa. Madam wale hawakujua Kikuyu hata chembe. Lakini jina la Winfred walilijua, walikuwa wakiliita mara hamsini kwa siku. Likitamkwa hapo, katikati ya ugomvi wa posa, wangegeuza vichwa vyote viwili, na mwanamke mwenye akili akigeuza kichwa huanza kufikiri. Akamtazama Keziah. Akatikisa kichwa kidogo sana: usilitaje.

Keziah aliwatazama madam. Akamtazama Winfred. Halafu akainyanyua simu kutoka kwenye chupa ya chai, akaigeuza.

Winfred akajikuta uso kwa uso na mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa cha kanisa, mwenye mwanya uleule, amesimama nyuma ya banda huku ng'ombe akitafuna begani kwake. Mikono ya Winfred ilikuwa na unga hadi viwikoni. Madam Abir akatabasamu: kumbe bibi arusi anamtambulisha rafiki yake kwa mama.

"Yalla, msalimie, msalimie!" akamhimiza.

Hofu ikampita Winfred, ikaenda zake. Angeinamisha macho angekuwa ameona aibu, na aibu hakuwa nayo. Alimtazama mama yule kama mtu anavyomtazama mkwe, kwa heshima na bila kukwepa.

"Wimwega, maitu," akamsalimu, kwa Kikuyu chake bora kabisa.

Mama akamwangalia. Akamwangalia tena. Macho yake yalipita kwenye unga, kwenye paji la uso, yakarudi machoni na kukaa hapo.

"Ni huyu?" akauliza.

"Ni huyu, Mami," Keziah akajibu kutoka nyuma ya simu.

Mama akasogeza uso karibu na simu. Alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa na Biblia nzima ya kusema, na mchungaji hemani wa kumsaidia. Lakini masikio ya mama yalikuwa yamekwisha kunasa lafudhi ya ile salamu, na pigo hilo nalo lilikuja juu ya lile lingine.

"Na ni Mkamba?" akasema kwa sauti iliyoisha nguvu.

Simu ikakatika.

Keziah akailaza mezani kifudifudi. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, machozi yakimtiririka hadi shingoni mwa gauni jipya, na usingejua ni ya kilio au ya kicheko. Naye hakujua.

"Halas?" Madam Abir akauliza.

"Halas, madam."

"Umewajibu?"

"Nimewajibu."

Basi Madam Abir akarusha kichwa nyuma akapiga vigelegele, Madam Hessa akampokea, na jikoni mkaitika. Bibi arusi lazima alie, nani asiyejua? Wakamfukiza udi kulia na kushoto. Wakamtia kibiskuti cha tende mdomoni. Kisha, kwa kuwa furaha haigawiwi nusu, Madam Abir akazunguka meza akamfukiza na Winfred, akamlisha na yeye kwa mkono wake, akampigia vigelegele karibu na sikio. Winfred akasimama wima akavipokea vyote. Vilikuwa vyake.

"Atanipigia tena?" Keziah akanong'ona kwa Kiswahili, mdomo umejaa.

"Nani, mama? Kesho asubuhi. Kwanza atataka kujua ni Mkamba wa wapi."

"Na asipopiga?"

"Utalia, na mimi nitakuwepo."

Madam Abir alikuwa bado hajaridhika. Aliinama mbele ya kigoda, akamshika Keziah mashavu kwa mikono yake yenye pete, akauliza kwa kile Kiarabu chake cha polepole anachowawekea wao, "Na wewe mwenyewe? Niambie ukweli. Unampenda?"

Keziah akameza kibiskuti. Akajipangusa uso kwa kiganja, akaketi sawasawa. Ng'ambo ya meza Winfred alikuwa amesimama na sambusa isiyofungwa mkononi.

"Nampenda, madam," akasema kwa sauti kubwa. "Nampenda sana."